Nia ya Jumanne

Malaba
Ijumaa, 7 Machi 2025

Kukhu mpendwa,

Nisamehe kwa kuanza na maagizo kabla ya salamu. Barua hii usimpe mtu akusomee. Isome mwenyewe polepole, mlango ukiwa umefungwa, kisha uitie jikoni iungue. Anayekuletea ni Amongin, yule mama Mteso anayekuja Rukala kununua samaki wakavu na kuwauza huku. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hushikwa na Mama Terry. Kila nikikupigia anapokea yeye na kuniuliza kwa sauti tamu, "Siku hizi uko wapi, Vivianne?" Sijui nimjibu nini mke wa mtu aliyemwua baba yangu.

Niko salama. Mkubwa wangu alikubali kunihamisha kutoka ofisi ya Busia hadi hii ya Malaba, wiki ileile baba mdogo Ojiambo alipotoka kwa dhamana. Kazi haijabadilika. Napokea nyaraka za malori yanayovuka kwenda Uganda, nalinganisha uzito ulioandikwa na uzito wa mzani, napiga mhuri. Madereva wananiita Madam Mhuri, wanacheka kwa sababu nasoma kila karatasi mara mbili. Wacha wacheke. Mlango ukifunguliwa natazama mikono ya anayeingia kabla ya uso wake.

Kesi itasikizwa Busia, Jumatano tarehe saba Mei. Watu wote wa boma waliandika kwamba hawakuwapo, au kwamba walidhani ni wezi wa ng'ombe. Mimi nilikuwapo. Nilimpelekea baba chai kwenye shamba la chini, pale maji ya mto Nzoia yalipong'oa katani zote za mpaka, naye alikuwa ameinama akipanda nyingine. Baba mdogo alikuja kwa nyuma. Alimkata shingoni. Baba aligeuka, akainua mkono kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali, na ule mkono nao ukakatwa. Ndipo baba mdogo akaniona nimeshika kikombe. Akasema, "Mugeni, wewe hujaona kitu." Hakupaza sauti, Kukhu. Alisema kama mtu anayeniagiza chumvi.

Ulimtuma Amongin aniulize ninalala wapi. Ulisema huwezi kuniombea hewani, kwamba Mungu ana watu wengi wa kuangalia na ni adabu kumwelekeza. Basi, kwa ajili ya sala tu: chumba changu kiko nyuma ya mashine ya kusaga unga, ploti yenye mlango wa samawati, chumba cha mwisho. Huko kwetu ni wewe peke yako unayejua.

Mjukuu wako,
Vivianne Mugeni

*

Rukala
Jumatano, 12 Machi 2025

Mke mwenza wangu Vivianne,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua nimeisoma na kuichoma, ingawa moto wake haukutosha hata kupasha uji. Unaandika kama mtu wa serikali. Babu yako angekuwa hai angekuoa wewe umwandikie hati zake, mimi nikarudishwa kwetu na kuku wangu.

Sasa usiogope tena. Jana Jumuiya yetu ya sala ilikutana kwa Mama Makokha. Ulipofika wakati wa kutoa nia za maombi, kila mtu akatoa ya kwake. Mmoja alitaja mguu wake, mwingine akataja mtoto wake anayerudia mtihani. Nami nikasimama. Nikasema: "Namwombea mjukuu wangu Vivianne, aliye Malaba nyuma ya mashine ya kusaga unga, mlango wa samawati, chumba cha mwisho. Bwana amzungushie malaika pande zote." Nyumba nzima ikaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nilisikia joto mgongoni kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Mama Terry alilia. Sauti yake ndiyo iliyopanda kuliko zote. Tulipotoka alinishika mkono akaniuliza tena ni upande gani wa mashine, ili naye akuombee akiwa kwake. Unaona? Mtu hubadilika.

Nilimwombea Ojiambo pia. Usinikasirikie. Oduori baba yako alitoka katika tumbo hili, na aliyemwua alitoka humuhumu. Nikifumba macho nawaona wote wawili wadogo, wanagombania titi.

Kula. Amongin anasema umekonda kama fimbo ya mchungaji.

Kukhu wako,
Petronilla

*

Kocholia, hospitalini
Jumapili, 16 Machi 2025

Kukhu,

Nimeketi kando ya kitanda cha Alupo, jirani yangu wa Malaba, msichana anayeuza chapati karibu na mzani. Chumba chake huvuja. Ijumaa mvua ilinyesha tangu mchana, nikampa ufunguo akajilaze kwangu mpaka nitoke kazini. Malori yalikuwa mengi, nikachelewa.

Walikuja wanaume wawili kwa pikipiki. Hawakuuliza mtu njia. Walipita mlango wa samawati, wakapita vyumba vyote hadi cha mwisho, wakagonga. Mmoja akaita, "Vivianne! Mugeni!" Alupo akajibu kwa usingizi, "Ngoja kidogo." Kwa neno hilo wakavunja mlango.

Alijikinga uso kwa mkono wa kulia. Vidole vitatu vilibaki sakafuni kwangu. Walimkata shavu mpaka meno yakaonekana, wakamkata paja, na walikuwa wakimwambia, "Utaenda kortini? Utaenda kusema?" Naye anapiga kelele kwa Kiteso kwamba yeye si mimi. Kelele hiyo ndiyo iliyomwokoa, maana mmoja alimwambia mwenzake, "Huyu ni Mteso. Huyu siye." Wakaondoka. Hawakuchukua hata simu iliyokuwa mezani.

Polisi wameandika maelezo. Nimeyasoma mara mbili nikatia sahihi.

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Kukhu, nakusihi kwa heshima zote nilizofundishwa: usiniombee tena. Ukishindwa kabisa, niombee bila jina na bila mahali, ukiwa peke yako, mdomo ukiwa umefungwa. Hizo nia unazitoa mbele ya mke wake. Unampelekea anwani yangu kila Jumanne na watu wote wanasema amina.

Mama yake Alupo amekuja kutoka Amagoro. Aliniuliza, "Binti, mwanangu amekosea nani?"

Vivianne

*

Rukala
Ijumaa, 21 Machi 2025

Vivianne,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imenikata kuliko panga. Nimelia kwa ajili ya huyo mtoto wa watu. Nimemtumia Amongin jogoo ampelekee mama yake.

Lakini usiseme maneno hayo juu ya sala. Malaba ni mahali pa wezi, malori yanalala barabarani na wahuni wanayazunguka. Mtu akisikia jina lako ofisini, atashindwa kuliita mlangoni? Nimekaa katika Jumuiya hiyo tangu baba yako akinyonya. Tumezika pamoja, tumekesha na wagonjwa pamoja. Mama Terry ndiye aliyenikanda mgongo mafuriko yalipotutoa nyumbani. Unataka nimtazame mtu aliyefumba macho mbele ya msalaba nimwambie wewe ni mpelelezi?

Na nitamwombaje Mungu bila kutaja? Mtu akienda kwa chifu hasemi, "Nisaidie jambo fulani la mtu fulani huko mahali." Chifu atamfukuza.

Mwandiko wangu leo ni mbaya kwa sababu niliteleza nikichota maji, mkono wa kushoto umevimba kidogo. Si kitu.

Kuna jambo moja nilitaka kukwambia nikashindwa. Ukisimama kortini, Ojiambo atafungwa mpaka mimi nife. Sitamwona tena akiingia mlangoni na matope yake. Sisemi usiseme. Nasema tu kwamba ni mwanangu, na hakuna anayeniuliza.

Petronilla

*

Sitaandika mahali
Jumatano, 2 Aprili 2025

Kukhu mpendwa,

Sasa nakuuliza mimi, kwa kuwa ulisema hakuna anayekuuliza. Unataka ninyamaze? Uandike neno moja, ndiyo, nami sitakwenda Busia. Nitavuka mpaka niishi Tororo, nitafute kazi ya mhuri huko. Naweza. Najua karatasi zote zinazohitajika.

Lakini usinidanganye. Amongin ameniambia hukuteleza. Alikukuta hospitalini umewekwa plasta. Majirani walimweleza kwamba baba mdogo alikuja kukuambia uniandikie niache kesi, ukakataa kumwambia unapitisha barua kwa nani, akachukua mchi wa kinu. Walisema alikupiga huku akilia. Sijui kwa nini wameongeza hilo la kulia, kana kwamba linapunguza kitu.

Ulimficha Amongin, kisha ukaniandikia mimi kuhusu maji ya kuteleza. Nimesoma sentensi ile mara nyingi. Ndiyo sentensi pekee ya uongo uliyowahi kuniandikia, na uliiandika kumlinda baba mdogo.

Mimi naogopa, Kukhu. Nimeacha kuketi karibu na dirisha. Kazini nimeomba kiti kinachotazama mlango. Alupo anajifunza kusukuma chapati kwa mkono wa kushoto. Nataka kusema nilichoona, halafu nataka kutosema, na yote mawili hutokea kabla sijamaliza kupiga mswaki.

Vivianne

*

Rukala
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Mke mwenza wangu,

Kristo amefufuka. Sikukujibu upesi kwa sababu nilitaka kwanza kujua jambo moja kwa macho yangu. Sasa nimelijua.

Jumanne baada ya Pasaka Jumuiya ilikutana. Ulipofika wakati wa nia nilisimama na plasta yangu, nikasema: "Namwombea Vivianne, ambaye amehamia Alupe, katika nyumba ya binamu yake isiyo na paa, mwisho wa njia ya mikaratusi." Unaijua nyumba hiyo. Haina mlango, hata mbuzi hawalali humo. Watu wakaitikia. Wakati wa wimbo wa mwisho Mama Terry alitoka nje, akasema ni tumbo.

Jana asubuhi Ojiambo aliingia kwangu, viatu vimejaa udongo mwekundu ambao haupo Rukala. Alipiga teke sufuria zangu moja moja. Alimkanyaga kuku. Akanishika shingo ya gauni akasema, "Mama, unanichezea?"

Nia ile niliitoa kwa Mungu. Nani alimwambia kulikuwa na mchezo?

Basi ulisema kweli, nami nikabishana na wewe kwa barua nzima. Vidole vya yule msichana nilivitoa mimi, nikiwa nimesimama mbele ya mshumaa, kwa sauti nzuri. Nimekwenda kwa Padri nikaungama. Aliniambia kosa ni la wale wenye panga. Padri ni kijana, hana watoto.

Umeuliza swali nijibu kwa neno moja. Neno lenyewe ni hapana. Usinyamaze. Nenda Busia.

Petronilla

*

Bila mahali
Alhamisi, 1 Mei 2025

Kukhu,

Asante. Nimelia kazini, dereva mmoja akaniambia, "Madam Mhuri, kama ni uzito wa lori langu nitapunguza."

Lakini sasa naogopa kwa ajili yako. Usirudie mchezo huo. Jumanne tarehe sita, siku moja kabla ya kesi, najua Jumuiya itakutana, na safari hii ni zamu ya nyumba yako. Watakuwa wananitafuta kila barabara ya kwenda Busia. Nakuomba siku hiyo usinitaje kabisa. Sema una mafua. Ombea mvua.

Vivianne

*

Rukala
Jumapili, 4 Mei 2025

Mke mwenza,

Nitasema kidogo tu. Jumanne safiri jioni, wakati watu wa Jumuiya wanakunywa chai. Barabara itakuwa tupu.

Petronilla

*

Rukala
Jumatano, 7 Mei 2025, alfajiri

Dada Vivianne,

Mimi si mtu wa kuandika, lakini Kukhu hawezi kushika kalamu na ameniapisha barua ikufikie kabla hujaingia kortini. Kwanza: yuko hai. Soma hiyo tena. Yuko hai.

Jana nilikuja kuchukua samaki, akaniambia, "Amongin, leo kaa usali na sisi." Wakati wa nia akasimama akasema, "Namshukuru Mungu, mjukuu wangu Vivianne amefika nyumbani mchana huu. Ana malaria, amelala chumba cha ndani. Mumwombee kesho aamke aende Busia." Sisi wote tukageuka kuangalia pazia. Mama Terry hata hakungoja wimbo.

Alipotoka tu, Kukhu akatuambia, "Akina mama, nendeni jikoni, mfunge mdomo. Mkisikia jina langu, pigeni nduru mpaka sokoni wasikie." Mama Makokha akamwuliza, "Petronilla, unafanya nini?" Akamjibu, "Nakwenda kuugua malaria." Akaingia ndani, akalala, akajifunika blanketi mpaka kichwa.

Jua lilikuwa bado liko juu. Ojiambo alikuja peke yake, panga ndani ya gunia. Hakuita mtu. Tulisikia pazia likiraruka, halafu tukasikia ile sauti. Mimi nakata samaki kila siku, naijua sauti hiyo. Mara ya kwanza bega, mara ya pili hapa juu ya kiwiko. Kukhu hakulia. Alitoa blanketi kichwani akasema, "Ojiambo, ni mimi. Petronilla."

Panga likaanguka. Huyo mtu akakaa chini kama mtoto. Akasema, "Mama, umelala hapa unafanya nini?"

Tulipiga nduru, dada. Soko lote lilikuja. Vijana wa boda walikuja na mawe, mwingine na tairi, mwingine na petroli kwenye chupa ya soda. Walimburuta nje. Jiwe la kwanza lilimpasua kichwa, la pili likavunja meno. "Aliua ndugu, sasa anaua mama! Choma!" Nami nilikuwa napiga kelele choma, sikufichi. Nilikuwa namkumbuka Alupo wetu.

Hapo ndipo Kukhu alitoka. Damu inamwagika kama maji ya mtungi, anatambaa. Akapanda juu ya Ojiambo akamlalia. Mvulana mmoja akajaribu kumtoa, akamwuma mkono. Akawaambia, "Huyu nimemkamatia korti, sikuwakamatia ninyi. Mkichoma, choma na mimi." Tairi lilikuwa tayari shingoni mwa yule mtu, na petroli imewamwagikia wote wawili, na mtu anatafuta kiberiti. Mama Makokha alikipiga teke. Kisha polisi wakafika, wakapiga risasi juu.

Daktari anasema ataishi, ila mkono wa kulia hautanyanyuka tena. Usiku alinishika akanipa maneno haya, nimeyaweka kama alivyosema: "Mwambie mke mwenza aseme alichokiona. Asiongeze hata kidogo, asipunguze." Nikamwuliza, na ule uongo mbele ya msalaba? Akasema alikwisha mwambia Mungu asubuhi kwamba nia ya leo ni ya Mama Terry, asiishughulikie.

Nenda kortini, dada.

Amongin

*

Busia
Ijumaa, 9 Mei 2025

Kukhu,

Amongin atakusomea, kwa kuwa mkono wako umefungwa. Asome polepole.

Barua yake ilinikuta kwenye ukumbi wa korti. Niliisoma nimesimama. Niliita jina lako kwa sauti mbele ya watu wote, na askari akaniambia nikae. Nilikukasirikia. Bado nimekukasirikia. Nilikuomba uombee mvua.

Walimleta na bandeji kichwani, uso umevimba, jicho moja limefunga. Nilipoapishwa, karani wa korti alinisogezea kiti. Nilisema chai, kikombe, katani, shingo, mkono. Wakili wake aliniuliza kama ninamchukia. Nikasema ndiyo. Akauliza kama chuki hiyo ndiyo inayonisemesha. Nikasema ningekuwa naendeshwa na chuki ningeongeza, na sikuongeza, kwa kuwa nimekatazwa. Hakimu aliandika, sijui aliandika nini. Tangu hapo dhamana imefutwa. Mama Terry naye alikamatwa jana, pamoja na mmoja wa wale wawili wa pikipiki. Hukumu itakuja baadaye, lakini baba mdogo hawezi tena kutoka.

Nilipokuwa nashuka kizimbani nilipita karibu naye. Ungekuwapo ungeona nilivyojibana ukutani. Alikuwa na pingu, askari pande zote, na bado nilitazama mikono yake kwanza. Akaniita, "Mugeni." Sauti ileile ya shambani. Nikadhani ataniambia tena kwamba sijaona kitu. Akasema, "Mama amekula?"

Sikutaka kumjibu, Kukhu. Nilikuwa na haki ya kupita. Lakini hapakuwa na mtu mwingine pale ambaye angeweza kumwambia, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Amongin anasema amekunywa uji." Akaitikia kwa kichwa, wakamchukua.

Nakuja Jumapili. Nitakaa nawe mpaka Jumanne, na najua utawafanya Jumuiya waje hospitalini, na najua utakayemtaja, kwa jina lake na mahali pake, gereza na chumba ukiweza kukijua. Mtaje. Nitaketi kando ya kitanda. Watu wakiitikia nitajaribu. Sauti isipotoka, usinigeukie, endelea tu na ya mtu anayefuata.

Mke mwenza wako,
Vivianne